Biskuti gani iende na jibini gani? Wageni 25, Shangani Mtwara

Mshangani
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa meza ya jibini kwa wageni 25 hapa Shangani, Jumamosi jioni, barazani. Chakula kizito kitafuata baadaye. Jibini zilizopatikana ni nne: cheddar iliyokomaa, gouda changa, feta, na ile ya buluu yenye ukungu. Kwa biskuti, madukani kuna krimu kreka, Maria, glukosi, dijestivu za ngano nzima, na kreka za chumvi zenye ladha ya kitunguu. Ipi iende na ipi, na ninunue kiasi gani? Halafu kuna huu upepo wa bahari: pakiti ikifunguliwa asubuhi, mchana biskuti zimelegea. Anayejua kutengeneza kreka nyumbani kwa jiko la mkaa naye asininyime.

MezaKavu
Karibu mkuu. Usianze na pakiti, anza na jibini yenyewe. Onja kipande, pima chumvi yake, angalia inakatika au inamung'unyika, ndipo utafute biskuti.

Nguzo ya meza yako ni krimu kreka. Unga wake huumuliwa kwa hamira na kukunjwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo inavunjika kwa wepesi, na haina sukari ya kushindana na kitu. Kampuni ya biskuti ya Jacob's ya Dublin, Ireland, iliitoa mwaka 1885, na mpaka leo ndiyo mwenzi wa cheddar. Kata cheddar unene wa milimita 4 hivi. Ikiwa nyembamba mno utasikia unga mtupu. Ikiwa nene, meno yanaibana na kreka inapasukia mkononi kabla haijafika mdomoni.

Jibini ya buluu ina chumvi kali na ukali wa ukungu, inataka utamu kidogo wa kuituliza. Hapo weka dijestivu, zile za kawaida zisizo na chokoleti. Ngano nzima ina ladha kama ya karanga zilizokaangwa, na sukari yake si nyingi. Usiipe krimu kreka yenye chumvi juu: chumvi kwa chumvi, mgeni anakula kimoja anatafuta maji.

Feta hukaa ndani ya maji ya chumvi. Isuuze sekunde chache kwenye maji baridi, ikaushe kwa kitambaa safi, uikate vipande. Ukiruka hatua hiyo, yale maji yanaingia kwenye kreka na ndani ya dakika 5 imekuwa uji. Feta nayo iende na kreka isiyo na chumvi.

Za kitunguu ziache dukani. Unga wa kitunguu unabaki ulimini muda mrefu, na gouda changa ni mpole, haitasikika kabisa. Glukosi pia hapana: ina sukari nyingi na harufu ya maziwa, na ukiikandamiza kwa kisu inakuwa vumbi.

Maria nayo ni ya chai, achana nayo.

KisimaChaLindi
Nakubaliana na MezaKavu isipokuwa kwa Maria. Biskuti hii ilitengenezwa London mwaka 1874 na kampuni ya Peek Freans, kwa heshima ya ndoa ya Maria Alexandrovna, binti wa mfalme wa Urusi. Utamu wake ni mdogo na uso wake ni imara, haivunjiki ukipaka kitu. Kwa gouda changa inafaa sana, kwa sababu gouda hiyo ina utamu wa maziwa na chumvi ya wastani. Inapoharibika ni kwa feta, maana harufu ya vanila na uchachu wa feta havipatani. Mshangani, onja vyote viwili pamoja kabla ya siku yenyewe, utaona tofauti mara moja.

Sasa unyevu, ambao kwetu pwani ndio adui mwenyewe. Biskuti ikitoka kiwandani imekauka sana, na kitu kikavu hivyo hunyonya maji kutoka hewani mpaka kilingane na hewa iliyokizunguka. Kwa hiyo:

Fungua pakiti dakika 15 kabla ya wageni, si asubuhi. Zitoe kidogo kidogo, sahani moja ikiisha ndipo ujaze nyingine. Zilizobaki zikae kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Usizihifadhi kwenye friji pamoja na jibini, maana ukizitoa kwenye baridi hewa ya joto inaacha umande juu yake. Na usipange jibini juu ya kreka mapema eti kuokoa muda. Weka jibini kwenye ubao wake, biskuti kwenye sahani yake, mgeni ajipangie.

Zikishalegea hazijafa. Zipange safu moja kwenye trei, moto wa nyuzi 150 kwa dakika 5, kisha ziache zipoe kabisa. Zikitoka motoni bado ni laini, ukavu unarudi zinapopoa. Anayezifunika zikiwa moto anazifungia mvuke wake mwenyewe.

Kiasi: kwa kuwa kuna chakula baadaye, gramu 60 za jibini kwa mtu zinatosha, jumla kilo 1.5. Gawanya cheddar 500, gouda 500, feta 300, buluu 200. Ya buluu si kila mtu anaiweza. Biskuti 6 kwa mtu ni 150, ongeza 20 za kuvunjika. Pakiti ya krimu kreka ya gramu 200 ina kama 24, chukua 5. Dijestivu pakiti ya gramu 400 ina kama 27, chukua 2. Ukichukua na Maria pakiti 1, punguza krimu kreka ziwe 4.

Wenye nchi za baridi hutoa jibini kwenye friji saa nzima kabla. Kwa joto la Mtwara dakika 20 zinatosha. Zaidi ya hapo mafuta ya cheddar yanaanza kutoka jasho. Joto likifika nyuzi 32, jibini isikae mezani zaidi ya saa 1.

MpaliaMoto
Mimi najibu la kreka za nyumbani. Ukiwa kusini hii huna sababu ya kukosa ufuta, Lindi inalima mwingi.

Unga wa ngano gramu 250, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya kula vijiko 3 vya chakula. Fikicha mafuta kwenye unga mpaka uwe kama mchanga wenye unyevu. Ongeza maji kama mililita 110 kidogo kidogo, kanda dakika 5, funika upumzike dakika 30. Usiuharakishe: unga usiopumzika unajivuta ukiusukuma, kreka zinatoka nene katikati.

Sukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka milimita 2. Paka maji juu kwa vidole, nyunyiza ufuta mbichi gramu 40, pitisha kifimbo mara moja zaidi ili ushike. Ufuta usiukaange kabla; utaiva motoni, na ukiukaanga mara mbili unakuwa mchungu. Kata miraba ya sentimita 5, utapata kama 60. Kisha toboa kila kipande kwa uma, mara 4 au 5, mpaka chini. Matundu ndiyo njia ya mvuke. Bila hayo kreka inafura kama kiputo, upande mmoja unaungua na mwingine mbichi.

Kwa mkaa: sufuria nzito, mchanga mkavu sentimita 2 chini, vijiwe 3 juu ya mchanga, trei juu ya vijiwe. Pasha sufuria ikiwa imefunikwa dakika 15, weka kreka, kisha palia. Makaa ya juu ya kifuniko yawe mengi kuliko ya chini. Chungulia dakika ya 10. Zikiwa rangi ya korosho iliyobanguliwa na kumenywa ngozi, bado. Zikiwa kahawia kingoni, toa. Ikipinda ukiishika, irudishe dakika 3.

Hizi ndizo nampa gouda. Na cheddar pia, ukiweka tone la achari ya embe iliyochujwa mafuta.

Mshangani
Asanteni sana ndugu zangu. Swali la mwisho: mgeni mmoja hali ngano kabisa. Na mabibo je, naweza kuyaweka pembeni kama tunda?

KisimaChaLindi
Mabibo mabichi yana ukakasi unaokausha ulimi, jibini itaonekana haina ladha. Weka embe au nanasi.

Kwa asiyekula ngano, kaanga muhogo uliokatwa wembamba sana, usiutie chumvi, uchuje kwenye karatasi mpaka mafuta yaishe. Uende na feta. Mpe sahani yake na kisu chake, maana chembe za biskuti husafiri kwa kisu. Na waambie wageni mapema kwamba kreka za nyumbani zina ufuta, na kama utaweka korosho ziwe kwenye bakuli peke yake. Wako ambao vitu hivyo vinawadhuru vibaya.