Tuliotoka kwenye madhehebu ya wake wengi: tupeane uzoefu, ulianzaje upya?

Mama Wawili, Sakina

Wapendwa, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka minne, leo nimeona niliandike. Naomba mliopitia mlete ya kwenu. Anayetaka kutetea au kuhubiri, naomba sana aanzishe mada yake, hapa kuna watu wana vidonda.

Nimekulia kambini. Nikiwa na miaka 6 wazazi wangu waliuza walichokuwa nacho Marangu, fedha zote wakampelekea kiongozi. Yeye ndiye tuliyemwita Baba. Baba yangu mzazi nilifundishwa kumwita "ndugu", na hata leo nikimpigia simu ulimi unanigoma kabla sijasema baba.

Kule hakuna kuposa. Kiongozi anaoteshwa usiku, asubuhi baada ya maombi anataja jina la mwanamume na la msichana, wanasimama, basi. Mimi nilitajwa nikiwa na miaka 16. Nikawa mke wa nne wa mzee ambaye binti zake wawili walikuwa wakubwa kwangu.

Sisemi kila ndoa ya mitala ni kifungo. Bibi yangu alikuwa mke wa pili, alikuwa na nyumba yake, migomba yake, na babu alimsikiliza. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi. Nasemea pale ambapo hukuulizwa, na ukikataa unaambiwa umemkataa Mungu.

Kilichonitoa ni homa ya mwanangu wa pili. Hospitali ilikuwa marufuku, hata panadol marufuku. Siku ya tatu mtoto hanyonyi tena. Alfajiri akanijia mke mwenzangu wa pili. Miaka yote tulikuwa tunanuniana kwa ajili ya zamu za jikoni. Akafumua pindo la kitenge chake kwa meno, akatoa noti mbili za elfu tano zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama harage, akanibana nazo kiganjani. "Nenda na watoto. Nitasema umekwenda kuchota maji."

Nilitembea mpaka barabara ya lami, mmoja mgongoni, mmoja nimemshika mkono. Daladala ikasimama, konda akaniuliza, "Mama, unashukia wapi?" Nikakosa jibu. Nilikuwa na miaka 22, na sijawahi kuulizwa ninataka kwenda wapi. Abiria mmoja mama mtu mzima akamwangalia mtoto, akasema, "Huyu anashukia hospitali." Mtoto alipona.

Baada ya hapo njaa niliivumilia. Kilichonitesa ni karatasi. Kambini walituambia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni chapa ya mnyama, kwa hiyo nilitoka sina cheti cha kuzaliwa, sina kadi ya kliniki, sina cheti cha darasa la saba. Bila NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole. Bila laini hupokei hata elfu mbili ya mtu aliyekufulia nguo, samahani, uliyemfulia. Mwenye nyumba naye anataka kitambulisho. Nilianza kwa mjumbe, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, shangazi yangu akala kiapo kwamba anajua nilipozaliwa, ndipo cheti kikatoka, halafu NIDA. Miezi 11. Siku ya kupigwa picha yule kijana alisema, "Mama, tazama hapa," nikaanza kulia. Hakunikaripia. Alisubiri.

Wenzangu, ninyi mlianzaje?

Fundi Viatu, Moshi

Pole sana dada. Sisi vijana wa kiume hatukutoroka, tulifukuzwa. Wazee wakishachukua wanne wanne, vijana watamwoa nani? Kwa hiyo unatafutiwa kosa. La kwangu lilikuwa kusikiliza mpira kwenye redio ya mlinzi wa shamba la jirani. Nilishushwa stendi ya Moshi na mfuko mmoja, nikiwa na miaka 17. Mama yangu aliambiwa asitoke nje kuniaga, na hakutoka.

Nilibeba mizigo soko la Mbuyuni, usiku nalala juu ya magunia. Kuna mama muuza mtori alikuwa ananipa bakuli la asubuhi, analiandika kwenye daftari, na mpaka leo hajawahi kunidai. Baadaye mzee mmoja akanifundisha kushona viatu.

Miaka yote niliamini nilifukuzwa kwa sababu mimi ni mchafu. Halafu siku moja nikasoma kwenye simu habari za lile dhehebu la Warren Jeffs kule Marekani, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Texas mwaka 2011. Nao vijana wao wa kiume walikuwa wanatupwa nje vilevile ili wasichana wabaki kwa wazee. Nilirudia kusoma mpaka chaji ikaisha. Watu sijawahi kuwaona, bara jingine, na kosa walilopewa ni kama langu.

Mgeni

Mimi bado nipo ndani. Naazima simu kuandika hapa. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka 4. Nikitoka, watoto wanabaki wa nani?

Msaidizi wa Sheria, Usa River

Mdogo wangu, usifute ujumbe wako, ila futa historia kwenye hiyo simu.

Na mimi nilitoka, mwaka wa tisa huu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, isipokuwa mahakama ione sababu ya kuamua vingine. Kwa wakubwa, mahakama inaangalia ustawi wao kwanza. Hakuna mahali sheria inasema watoto ni wa kiongozi. Kama hamna cheti cha ndoa lakini mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinakulinda. Kwa kawaida shauri linaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwenye kata, wakishindwa wanakupa hati unakwenda nayo mahakamani. Na wakikuambia huna chako kwa sababu ulikuwa unapika tu, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali. Kukiwa na kipigo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Ila nikuambie na lisiloandikwa kwenye sheria: usiage mtu. Mimi niliaga. Wakamficha mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka 9. Nilimpata kwa amri ya mahakama baada ya miaka miwili. Siku anakabidhiwa kwangu alinipa mkono, akasema, "Shikamoo mama mgeni." Nikaitikia marahaba. Ilichukua muda mrefu lile neno mgeni kuondoka.

Mgeni

Asante dada. Nimesoma. Narudisha simu.

Fundi Viatu, Moshi

Mama Wawili, yule mke mwenzako aliyekupa zile noti, naye alitoka?

Mama Wawili, Sakina

Hapana kaka. Mwaka jana nilikutana na mtu wa kule soko la Ngaramtoni, analeta maharage. Nilinunua kitenge kipya, pindoni nikashona noti mbili za elfu tano na karatasi yenye namba yangu, nikamwomba ampelekee. Aliniambia baadaye kwamba amekipokea, amekivaa.

Simu yangu siizimi usiku.