Tupeane uzoefu: Umewahi kuumia kuona Mungu akimhurumia mtu uliyeona hastahili?

Mlimani Kibo (mtoa mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Jambo hili ninalo tangu msibani, naona nililete hapa.

Baba yangu mdogo aliondoka kwake Marangu akamwacha mama mdogo na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Akaishi mjini na mwanamke mwingine miaka yote hiyo. Ada hakutuma. Mama yake mzazi alipofariki hakuja kuzika. Mwaka jana akarudishwa na saratani ya koo, amebaki mifupa. Mama mdogo akampokea, akawa anamlisha uji kwa mrija. Zikiwa zimebaki wiki chache mchungaji akaitwa, mgonjwa akatubu, akarudishwa kundini, akapewa Chakula cha Bwana palepale kitandani.

Mazishi yake msiulize. Kwaya mbili, wachungaji watatu, mahubiri ya mnyang'anyi pale msalabani. Mama mdogo, ambaye bahasha yake ya ahadi haijawahi kupita mwaka bila kukamilika, alikuwa nyuma ya nyumba anasimamia sufuria. Alitajwa kwenye shukrani, baada ya watu wa maturubai.

Sibishani na rehema. Yule wa Luka 23 naye hakupata muda wa kulipa chochote, na akaahidiwa pepo siku ileile. Swali langu ni la sisi tunaobaki hapa chini na madeni ya aliyesamehewa. Haki ya Mungu inatufikia vipi?

Naomba visa vya kweli, ulichokiona au ulichokiishi. Mistari tunayo wote kwenye simu, mwenye mstari mtupu asubiri kwanza. Na habari za dhehebu lipi ndilo la kweli zina uzi wake.

Mpunga wa Ifakara

Mkuu, pole kwa msiba. Mimi nitakupa upande wa mwenye shamba, maana wahubiri wote niliowasikia wanaeleza ule mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, kama watu ambao hawajawahi kumlipa kibarua.

Msimu mmoja mpunga umeiva, wingu limetanda upande wa Udzungwa. Asubuhi nilichukua watu kijiweni tukapatana elfu kumi mtu. Saa sita nikaona hatumalizi, nikarudi kuongeza. Saa kumi nikamchukua yeyote aliyesimama, hata mzee mmoja wa kikohozi. Tukauwahi mpunga. Jioni nikawapa wote elfu kumi, kwa furaha tu na kwa sababu bila wale wa mwisho ekari nzima ingelala kwenye maji.

Wa asubuhi walikuwa wameridhika kabisa, mpaka walipoona noti mkononi mwa yule mzee. Mama mmoja akaniambia, "Mjomba, hela yangu sijaikataa. Ila kesho na mimi nakuja saa kumi." Na kweli, kesho yake alfajiri tulikuwa shambani mimi na kwelea kwelea.

Nikarudi kuusoma mfano vizuri. Wale wa saa kumi na moja waliulizwa mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi, wakajibu hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, yaani chakula cha nyumba siku ile. Ukimpa mtu robo, watoto wake wanakula robo. Mwenye shamba hakuangalia saa alizofanya mtu, aliangalia sufuria inayomsubiri nyumbani. Hiyo ni haki ya aina yake, wala haikumpunja wa asubuhi, alipewa alichopatana.

Lakini baba yako mdogo hakukosa wa kumwajiri, mkuu. Alikuwa na shamba akalitoka mwenyewe. Mfano huu mimi naona haumhusu.

Kaka Mkubwa

Unaomhusu ni wa mwana mpotevu, na mimi ndiye yule wa pili, jina langu linajieleza.

Mdogo wangu aliuza ng'ombe wa mzee akazamia Afrika Kusini. Mimi nikabaki na wazazi: kliniki ya presha, bati, palizi, kila kitu. Aliporudi na mkoba mmoja mama alilia kwa furaha, na kile kiwanja cha Mbagala ambacho sote tulijua ni changu akapewa yeye "aanzie maisha". Wakaja wazee wa kanisa kunisomea Luka 15.

Sasa niwaulize kitu ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa. Mdogo alishachukua fungu lake akalimaliza. Baba anamwambia mkubwa, vyote nilivyo navyo ni vyako. Basi yule ndama aliyenona alikuwa wa nani? Sherehe ya rehema ilifanywa kwa mali ya kaka mkubwa na hakuna aliyemuuliza. Alikuta ngoma zinalia, akaambiwa na mtumishi!

Ila namheshimu yule baba kwa jambo moja. Alitoka nje kumbembeleza. Mimi kwetu hakuna aliyetoka nje.

Mlimani Kibo

Hapo kwenye kutoka nje umenigusa sana, kaka. Tuendelee.

Mweka Hazina wa Zamani (Nakuru)

Bwana asifiwe. Huku kwetu kulikuwa na mama mweka hazina wa chama chetu, alihepa na pesa za Desemba. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, wengine hizo ndizo zilikuwa karo ya Januari. Baada ya muda tukamwona kwenye mkutano wa injili, amevaa leso nyeupe, anatoa ushuhuda: "Nilikuwa mwizi, lakini Yesu amefuta deni langu lote!" Watu wakapiga makofi. Mwenzangu mmoja akasimama nyuma akapaza sauti, "Letu je, limefutwa na nani?" Mashemasi wakamtoa.

Nilimwuliza shosho wangu, marehemu sasa, mlokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika. Alisema enzi zao mtu akiokoka jirani walijua kabla hajashuhudia, kwa sababu alianza kugonga milango anarudisha vitu. Kijembe cha mwenyewe, pesa za mwajiri mzungu, mbuzi. Zakayo vilevile: hakungoja kuambiwa, alisimama akasema aliowadhulumu anawarudishia mara nne, ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Shosho alikuwa akisema mtu akiokoka na mfuko wake uokoke.

Yule mama mpaka leo hajalipa. Anahubiri vizuri sana, lazima niseme.

Msafiri wa Pangani

Mimi ni Muislamu, nimepita tu, mtanisamehe. Kwetu kuna hadithi sahihi ya mtu aliyeua watu 99. Akamuuliza mcha Mungu mmoja kama ana toba, akaambiwa huna, akamuua naye wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni, huyo akamwambia toba unayo, ila uihame nchi yako mbaya. Akafia njiani, malaika wa rehema na wa adhabu wakamgombea, ikapimwa ardhi, akakutwa karibu zaidi na kule alikokuwa anakwenda. Nilipoisikia utotoni nilimwuliza maalimu, na ndugu wa wale 100 je? Akaniambia haki za waja zina hesabu yake kwa waja. Naona tunaulizana swali moja.

Mwinjilisti Mstaafu

Nitatii sharti la mada. Nilipokuwa na nguvu nilipenda kumhubiri Yona kama mtu mnuna, watoto wa Sunday school wakicheka. Siku moja baada ya ibada akanifuata baba mmoja aliyekimbia vita kutoka Uvira, akaniambia: "Mwinjilisti, Yona hakununia mti. Alijua watu wa Ninawi ni nani."

Nilikwenda kusoma. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, na ni Waashuri hao walioiangusha Samaria mwaka 722 kabla ya Kristo na kuwahamisha watu wake. Kwa aliyechomewa nyumba, habari kwamba mchomaji amefunga na kuvaa magunia na Mungu ameghairi si ya kuchekesha. Na tazama Mungu alivyomjibu. Hakumpiga. Alimwuliza swali, kuhusu watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi. Kitabu kinakwisha hapo, Yona hajajibu.

Yule baba wa Uvira naye hakuniambia kama amejibu.

Mama Keza, Kigali

Samahanini kwa Kiswahili changu, nilikijifunza Bukavu.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, dada yangu na watoto wake walijificha kwa jirani, na jirani huyo ndiye aliyewatoa. Akiwa gerezani akaokoka, akawa anaongoza sala. Zikaja mahakama za Gacaca, za kijijini za kuhukumu mauaji hayo, zile zilizofungwa 2012. Mwenye kukiri alipunguziwa kifungo, na sehemu yake aliitumikia nje kwa kazi za umma tulizoziita TIG, kutengeneza barabara na kuchimba matuta. Lakini Gacaca ilidai kitu ambacho sala haikumdai: useme uliyekuwa naye, na miili iko wapi. Kukiri nusu kulikataliwa.

Tulikaa kwenye nyasi. Akasimama akasema, Mungu amenisamehe. Mwamuzi mmoja, mkulima tu kama sisi, mzee amejifunga utepe wake, akamwambia: "Tumesikia. Wako wapi?" Akanyamaza. Akaulizwa tena kikao kilichofuata, ndipo akatupeleka kwenye shimo la choo lililofukiwa, juu yake migomba imezaa. Tukawatoa, tukawaosha, tukawazika kwa heshima. Dada yangu nilimjua kwa sweta.

Msiniambie joho la kanisa ni dhamana. Parokia ya Nyange watu walikimbilia ndani ya kanisa, likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Paroko Athanase Seromba alihukumiwa huko kwenu Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya 2008 ikaifanya kifungo cha maisha.

Wageni wenye kamera hunipenda sana na swali lao, umemsamehe? Yule jirani namsalimia. Aliwahi kuniletea mbegu za viazi nikazipokea, zikaota. Mambo yake na Mungu ni yake. Rehema niliyoiona mimi ni siku alipoonyesha shimo, maana tangu hapo nalala.

Kaka Mkubwa

Mama Keza, pole sana, mama. Kiwanja cha Mbagala nakiondoa mezani.

Mama Keza, Kigali

Hapana mwanangu, usikiondoe. Kila mtu analia msiba wake.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wodini kwangu nimeona mlevi akipakwa mafuta ya wagonjwa na padri, akafa akitabasamu, na kitanda cha pili mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa misa ya kila asubuhi, amekufa akipiga kelele kwa maumivu kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha. Anayetaka kusoma hukumu ya Mungu kwenye namna mtu anavyokufa aje afanye zamu yangu mwezi mmoja. Sina zaidi.

Mpunga wa Ifakara

Mtoa mada, mama mdogo mwenyewe anasemaje? Tunamsemea tu hapa.

Mlimani Kibo

Nilimwuliza. Alisema alipompokea hakuwa amemsamehe, alimpokea kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama na mgonjwa alikuwa ananuka. Ila usiku mmoja baba mdogo, sauti ishakwisha, aliomba daftari akaandika majina ya watoto wanne, na mbele ya jina la kila aliyekuwa anasoma, darasa alilokuwa mtoto huyo wakati yeye anaondoka. Akaandika, "Ada sikulipa." Mama mdogo daftari hilo analo, hakumwonyesha mchungaji. Anasema angalau alijua hesabu.

Alichokasirikia ni mazishi, hasa mahubiri. Anasema wangemtaja yeye kabla ya maturubai.

Alto wa Magereza

Nimechelewa, nilikuwa mazoezini. Kwaya yetu huenda kuimba gerezani. Mnajua Desemba 9 Rais hutoa msamaha, na kuna makosa ambayo hayaingii. Mwaka mmoja tulifika siku chache baadaye. Mpiga ngoma wa kule ndani, kijana ambaye hakuwa na muda mrefu tangu afungwe, ameshatoka. Mzee wa besi, ambaye ndiye aliyewafundisha wote kusoma nota, amebaki, kosa lake halimo.

Tukiwa tunakunja nyaya za kinanda nikamwambia, baba, hii si haki. Akanijibu: "Binti, Rais amemwonea nani? Kifungo changu hakikuongezwa hata siku. Yule kijana ana mtoto mdogo, ni vizuri ametoka." Nikaona huyu ndiye aliyeielewa Mathayo 20 kuliko sisi wote. Kisha akasema, "Lakini siku ile wanasoma majina sikula."

Nilimsimulia padri wetu nikitaka anieleze lipi kati ya hayo mawili ndilo jibu la Kikristo. Padri akasema yote mawili, halafu akabadilisha maneno, akaniuliza kama tumeshanunua nyuzi za gitaa walizoomba.

Tumenunua. Tunakwenda tena Jumapili ya tatu, bado tunahitaji sabuni za kipande, miswaki na miwani ya kusomea, ya wazee hasa. Mwenye nayo anitumie ujumbe, nipo Morogoro mjini.