Raia kashikwa kama mgeni: familia yake inamhusu nani?

Bint Chake
Assalaam alaykum. Jirani yangu ni kijana wa Kojani, hapa Pemba, alikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, mwambao wa Bara kaskazi iliyopita. Wakashikwa saba. Sita walikuwa na vitambulisho, chake yeye kilizama na mkoba. Katika kuhojiwa akasema ana shangazi Shimoni, pwani ya Kenya, basi ikawa kosa: wewe Mkenya. Barua ya sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ilipopelekwa wakasema si ushahidi. Kakaa ndani siku 118. Ndipo wakamwambia wamethibitisha ni raia, aende zake. Hata nauli ya boti hakupewa.

Huku nyuma mkewe ana watoto wanne. Daftari la dukani limejaa. Mikarafuu mitano ya urithi kaikodisha kwa bei ya kutupa. Mtoto mkubwa kaacha skuli, anachukua mizigo bandarini. Kilichowaweka hai ni pensheni jamii ya wazee anayopewa bibi yao, elfu 50 kwa mwezi. Suali langu: hasara hii inamhusu nani? Serikali, tajiri mwenye chombo alichokuwa akivulia, au sisi majirani?

Mtu wa Ng'ambo
Poleni sana. Lakini Wapemba nanyi mnakwenda Shimoni kama mtu anayekwenda sokoni Darajani. Ukitembea bila ya karatasi, ukishikwa usiseme umeonewa. Na huyo mke, bahari iko mlangoni, angelima mwani watoto wakala.

Mkojani Halisi
Wewe umesoma au umeona neno Shimoni ukapandwa? Kijana alikuwa BARA. Bara ni Tanzania. Kitambulisho alikuwa nacho, kimezama. Bahari haikuulizi una karatasi gani mkobani. Na sisi dago hatukuanza jana, baba zetu walikuwa wakifuata samaki mpaka huko kabla hiyo mipaka haijachorwa. Omba radhi.

Nahodha Mstaafu
Mimi nimevua Shimoni, Vanga na Gazi. Nataka vijana wajue kwa nini wengine wetu wana shangazi kule. Wapo waliohamia zamani kwa uvuvi. Wapo waliokimbia Januari 2001 baada ya watu kupigwa risasi kwenye maandamano, walivuka zaidi ya 2,000, na mashua moja niliiona kwa macho yangu ikiingia na wanawake wamelowa mpaka kifuani. Waliobaki kule Kenya yenyewe imewapa uraia, nadhani mwaka 2017. Sasa shangazi kupewa uraia wa Kenya kunamfanyaje mtoto wa kaka yake aliyezaliwa Kojani kuwa Mkenya?

Kijana wa Wete
Nahodha, hao wa 2017 ni Wamakonde. Wapemba ni 2023.

Nahodha Mstaafu
Ahsante mwanangu. 2023. Hoja yangu iko palepale.

Bi Mkubwa wa Micheweni
Mimi nimekuja kwa huyu aliyesema mwani. Mwanangu, umewahi kuingia majini? Mwani unafuatwa bamvua, maji yanapotoka, iwe asubuhi iwe jua la utosi. Unainama muda wa saa nne, maji ya chumvi yanakula vidole. Ukipanda leo unangoja wiki sita uvune, uanike, mvua isiukute, halafu mnunuzi akutajie bei anayotaka yeye. Hizo wiki sita watoto wanne wanakula nini? Na mtoto mchanga anabaki na nani, na bibi yao ni mzee wa miaka sabini na ushei? Mke wa mtu anahangaika na daftari la deni, nyinyi mnamwambia akalime. Mungu akusamehe.

Mtu wa Ng'ambo
Bi Mkubwa, sikukusudia kumdharau. Mama yangu mwenyewe kalima mwani Paje.

Bi Mkubwa wa Micheweni
Basi kamuulize yeye kwanza, ndipo uandike.

Mwanafunzi wa Sheria
Turudi kwenye suali. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo dai hili haliendi Serikali ya Zanzibar. Kukamatwa kumetokea Bara, mdaiwa ni Serikali ya Muungano. Kabla ya kufungua kesi ya fidia lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Kijana asikae tu akingoja kuitwa. Atafute karatasi yoyote yenye tarehe ya kushikwa na ya kutolewa. Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake, aende na mashahidi wale sita.

Mzalendo wa Visiwani
Umeona? Mambo ya Muungano! Mtu wetu anaumizwa, na serikali yetu haina hata mlango wa kugonga. Sheha anamjua mtu tangu tumboni mwa mamake, barua yake wanaitupa. Hapa ndipo pa kuzungumzia.

Kijana wa Wete
Na mambo hayo yalikuwa 11 tu mwaka 1964, sasa 22.

Mwanafunzi wa Sheria
Mafuta na gesi asilia yalishatolewa, hesabu ina mabishano yake. Lakini huyo mama atamlipa mwenye duka kwa hesabu hiyo?

Ustadh wa Mkoani
Notisi siku 90, kesi miaka. Tumbo halingoji. Aya ya 60 ya Sura Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Huyu mama hakukopa kwa israfu, kakopa unga. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inapokea maombi. Na mwenye zaka yake mkononi leo, haimlazimu kungoja ofisi.

Mkojani Halisi
Ustadh, zaka ni haki, sikatai. Lakini tukishalipa sisi, waliomfunga watasema familia haikudhurika. Mimi namtaka na tajiri wa chombo pia. Siku 118 chombo kilivua, fungu la kijana liko wapi?

Nahodha Mstaafu
Kwa mila ya dago, aliyekamatwa au kuugua kazini alikuwa anawekewa fungu. Nilipokuwa nahodha niliweka. Tajiri huyo aulizwe mbele ya wazee wa Kojani.

Bint Chake
Nimempigia mkewe sasa hivi. Dukani anadaiwa 412,000. Mikarafuu imekodishwa misimu miwili. Mwalimu mkuu yuko tayari kumpokea mtoto Jumatatu, anahitaji sare na madaftari. Jumamosi nafuatana na kijana mpaka ofisi ya sheria Chake.

Ustadh wa Mkoani
Sare na madaftari juu yangu.

Bi Mkubwa wa Micheweni
Mimi natuma nusu gunia la mchele kwa gari ya Konde.

Mkojani Halisi
Tajiri wa chombo namfuata mimi kesho baada ya Alasiri. Na Mtu wa Ng'ambo bado hajaomba radhi kwa lile la Shimoni.