Misalaba miwili kusini: upi ni wa kweli? (Naanza kujifunza nyota, Mtwara)

Mkorosho10:
Wakuu, nipo Mikindani, nataka kujifunza nyota kiangazi hiki. Nina darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mm 50), na Stellarium, programu ya ramani ya nyota, kwenye simu. Saa 2 usiku nikielekea kusini naona msalaba upande wa kulia, simu inaonyesha mwingine kushoto kwake. Niamini upi?

Bandari_Kuu:
Amini simu. Huo wa kulia ni msalaba bandia, unapoteza wengi: mkubwa zaidi, umefifia, na hauna walinzi. Msalaba wa Kusini wenyewe ni mdogo, vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa vinakaribia kuuziba, na kushoto kwake wapo hao walinzi, nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alfa Kentauri, miaka ya nuru 4 na ushee kutoka hapa. Mwezi huu wa 6, saa 2 usiku, msalaba umesimama karibu wima.

Ukishaupata, pima urefu wake toka nyota ya juu hadi ya chini, kisha endelea kushuka mara nne na nusu. Hapo ndipo ncha ya kusini ya anga, pale nyota zote za kusini zinapopazunguka. Hakuna nyota kali pale, usihangaike kuitafuta. Mtwara ipo nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha iko nyuzi 10 tu juu ya upeo: ngumi moja, mkono umenyooka. Ukipata zaidi ya ngumi mbili, rudi ukahakiki msalaba wako.

Mdau_wa_Kusi:
Ila simu nayo si ya kuaminiwa kila saa. Dira yake hupotea karibu na pikipiki, nondo au kava lenye sumaku. Vua kava, izungushe hewani kama unaandika namba nane. Washa hali ya usiku ya programu, ile nyekundu: jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na meseji moja ya WhatsApp inakurudisha mwanzo. Tochi ifunge kitambaa chekundu.

Usiku mzuri ni tangu tarehe 22 ya mwezi mwandamo mpaka 3 ya unaofuata. Na lenzi zikishika ukungu wa bahari usifute kwa kanga, chumvi inakwaruza. Ziache zikauke zenyewe.

Mkorosho10:
Shukrani wakuu. Na hiyo 10x50 niielekeze wapi?

Bandari_Kuu:
Juu ya msalaba, kushoto kidogo, tafuta Omega Kentauri: kidoa cha ukungu chenye umbo la mpira, kumbe ni mamilioni ya nyota. Mwezi wa 7 na wa 8 hamia kwa Nge, kundi la nyota linalopita karibu na utosi. Anza na Antares, nyota yake nyekundu, kisha fuata mkia; karibu na mwiba kuna vishada viwili vya nyota. Lala chali mkekani, la sivyo mikono itatetemeka na hutaona kitu.

Nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 kila siku, jumla saa 2 kwa mwezi. Kilimia (kishada cha Pleiades) kwa sasa ni cha alfajiri, katikati ya mwezi wa 11 kitachomoza jua likizama, Jabari (Orion) akifuata nyuma. Tatizo mawingu ya mvua nayo ndiyo yanaanza, kwa hiyo Jabari mtafute mwezi wa 9, alfajiri.