Mjadala: Mzazi hajatoa debe la mahindi, mtoto anyimwe makande?

Mjumbe wa Kamati:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Kati, Tanzania. Mkutano wa wazazi ulikubaliana kwamba mzazi atoe kwa kila mtoto debe mbili za mahindi na kilo nane za maharage kwa mwaka, na hela kidogo ya mpishi. Wiki iliyopita nilipita shuleni saa saba mchana. Foleni ya makande ilikuwa ndefu, na kando yake, chini ya mwarobaini, kulikuwa na watoto wengine wanachorachora mchangani, wanajifanya hawasikii harufu. Mwalimu wa zamu ana daftari. Jina lako halina tiki, hupewi.

Mtaniambia waraka. Naujua. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Ruzuku ikawekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na humo hamna hata punje ya chakula. Waraka Na. 3 wa 2016 ukasema chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akawakataza walimu kushika michango. Kwa hiyo mchango ni hiari, mwalimu asiushike, na chakula hakitoki kwingine. Sasa hiyari gani hii ambayo asiyeitimiza ni baba, anayeshinda njaa ni mwanawe?

Msimamo wangu: sufuria moja, wote wale. Deni adaiwe mwenye deni.

Mwalimu wa Zamu:
Mkuu, daftari hilo mlilipitisha nyie kamati, mimi nilikabidhiwa tu. Na hicho unachotaka tulishakifanya kituo nilichotoka. Wote walikula. Kufikia Machi wazazi waliotoa wakaanza kuulizana, "Kumbe mimi ndo mjinga?" Aprili stoo ikabaki na panya, wakakosa wote. Na usidhani wasiotoa ni maskini. Mmoja ana bodaboda mbili. Mjane tuliyempa msamaha kikaoni ndiye aliyeleta nusu debe kichwani bila kudaiwa.

Kweli Tupu:
Kama huwezi kulisha, usizae.

Mama Watatu:
Kweli Tupu, wewe hujawahi kulala na njaa, pita.

Mwalimu, nakuheshimu, ila nyie na kamati yenu mnakuja na daftari Januari. JANUARI! Huku tunavuna Mei na Juni. Januari ghala limebaki vumbi, debe sokoni halishikiki, sare na madaftari vinanisubiri, na shambani ndo kwanza tunapalilia. Mngepita Julai magunia yakiwa uani ningewapimia debe mbili mnaniona. Ikifika Agosti walanguzi wameshapita, mahindi yamekuwa hela, na hela nyie mnajua inakokwenda. Sijatoa mwaka huu. Mwanangu wa mwisho ni mmoja wa hao wa mwarobaini.

Mtendaji Mstaafu:
Tatizo mnaogopana. Sheria ndogo zipo kwa ajili hiyo: serikali ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha, asiyetoa anatozwa faini. Faini anatozwa mzazi, mtoto anakula. Ila niwe mkweli, niliwahi kukamata mbuzi wa mtu kwa mchango wa darasa. Familia ile hainisalimii mpaka leo.

Wa Nairobi:
Majirani, huku kwetu kaunti ina mpango wa Dishi na County tangu 2023. Mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa mlo, kaunti na washirika wanaongeza zilizobaki, mtoto anabonyeza bangili ya kielektroniki anapewa sahani. Lakini hata hiyo tano kuna nyumba haipatikani kila asubuhi. Na bangili, kama daftari lenu tu, haijui mama ameamkaje.

Mjumbe wa Kamati:
Mama Watatu, hilo la Julai limenipata, sina utetezi. Mimi mwenyewe nilinyanyua mkono kupitisha Januari.

Mwalimu, tupige hesabu. Debe mbili ni kama kilo 36. Siku za masomo kama 190, kila mtoto ana gramu 190 kwa siku. Tuseme shule ina watoto 400 na wazazi wa 60 hawajatoa. Ukipikia wote kwa mahindi ya wale 340, kila mmoja anapata gramu 160 na kidogo. Pungufu ni konzi moja ya punje, tena konzi ya mtoto. Mwanangu yuko kwenye ile foleni ndefu. Nimemuuliza kama angekubali konzi hiyo iende kwa rafiki yake. Akanishangaa, akasema huwa wanagawiana kwa siri nyuma ya choo.

Mwalimu wa Zamu:
Wanagawiana, najua. Huwa nageukia upande wa pili. Ila hesabu yako ni ya wasiotoa 60. Wakijua wote wanakula, mwakani watakuwa 200. Nipigie na hiyo.

Mjumbe wa Kamati:
Ya 200 hailipi, nakubali. Ndiyo maana nasema tukusanye Julai, mahindi yapokelewe na serikali ya kijiji, na orodha ya wasiotoa isomwe kwenye mkutano wa kijiji: majina ya wazazi, siyo ya watoto. Daftari lisionekane tena jikoni. Niandalie orodha, nitaipeleka kikao cha Ijumaa.

Mwalimu wa Zamu:
Orodha nitakupa. Kuisoma usome wewe. Yule wa bodaboda mbili ndiye mwenye nyumba niliyopanga.