Land Rover 109 na injini ya Toyota 3L: fundi anasema giaboksi imekufa, mimi sina uhakika

MrithiWa109 (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Nina Land Rover 109 Series III aliyoiacha mzee. Alibebea kahawa na ndizi kutoka Kibosho mpaka mjini tangu mimi sijaanza shule, kwa hiyo ule ushauri wa "uza chuma chakavu ununue Probox" tuuweke pembeni mapema.

Injini yake ya petroli, ile 2.25, ilipasuka silinda hedi mwaka juzi. Hata ilipokuwa nzima, lita moja ilikupeleka kilomita tano ukiwa na bahati. Nikapata 3L (jina la injini ya dizeli ya Toyota) iliyotoka kwenye Hiace ya otomatiki, inawaka ufunguo wa kwanza, haitoi moshi. Giaboksi nikataka ibaki ileile ya Land Rover, maana transifa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) imefungwa mgongoni mwake na ukiitoa moja umetoa zote.

Fundi mmoja wa Arusha, kule Unga Limited, akanitengenezea pleti ya chuma ya kuunganisha. Alibandika karatasi ngumu nyuma ya injini, akagongagonga kwa nyundo mpaka alama za matundu zikatokea, akafanya hivyohivyo kwa belhauzingi (ganda la mbele ya giaboksi linalofunika klachi), kisha akakata kwa gesi na kutoboa. Juu ya pleti akachomelea pete nene ili flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na klachi vipate kina. Flaiwili tulinunua pembeni kwa kuwa otomatiki haina. Presha pleti (inayobana) ni ya Toyota, klachi pleti (sahani inayobanwa) pia ya Toyota, ila katikati alikata kitovu akachomelea cha Land Rover ili kiingie kwenye meno ya shafti.

Ilitembea wiki tatu. Wiki ya pili rivasi ikaanza kusaga, gia ya kwanza mpaka uilazimishe. Ya nne inachomoka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko. Na kuna mlio kama mashine ya kusaga mahindi makavu. Jumamosi iliyopita napandisha Kibosho, klachi ikaachia kabisa. Kufungua, kitovu kimepasuka kwenye mchomeleo, kinazunguka peke yake kama sahani.

Fundi anasema giaboksi ya mzee imechoka, ninunue nyingine. Desemba nataka gari ipande nyumbani na watoto nyuma. Ni giaboksi kweli? Au nitoe vyote niweke giaboksi na transifa za Hilux?

BabuDizeli (Arusha)
Pole sana mangi. Mimi nimepeleka watalii Ngorongoro na hizi gari enzi barabara ya kutoka Makuyuni ni vumbi tupu. Ungeuliza mapema ningekwambia tafuta 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover, ile ya Discovery za kwanza na Defender za mwanzo wa miaka ya 90. Mpangilio wa bolti zake ni ndugu wa ule wa Series, inakaa kwenye giaboksi yako kwa marekebisho madogo, hakuna pleti hakuna pete. Ukimwozesha Mjapani kwa Mwingereza kwa nguvu, mahari lazima idaiwe.

MrithiWa109
Babu shikamoo. 200Tdi niliiulizia, bei yake ingebidi niuze na kihamba (shamba la ukoo). Halafu 3L ikiniharibikia Himo, spea napata hapohapo Himo.

BabuDizeli
Marahaba. Hilo la spea sibishi.

DadaMkerezaji (Moshi)
Usinunue giaboksi bado. Kwanza nijibu: huo mlio unakuja ukikanyaga klachi, au ukiachia? Na nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), pale ncha ya shafti ya giaboksi inapoingia, mliweka nini? Umesema injini ilikuwa ya otomatiki.

MrithiWa109
Dada, mlio unakuja nikikanyaga. Nikiachia gari ikiwa huru, kimya. Nyuma ya krenki fundi alikereza bushi ya shaba akaigonga ndani kwa nyundo. Jana nimeichungulia kwa tochi: tundu lake si duara tena, limekuwa kama yai.

DadaMkerezaji
Basi giaboksi ya mzee inasingiziwa.

Iko hivi. Ukiwa hujakanyaga klachi, krenki na shafti ya giaboksi vinazunguka pamoja kwa mwendo mmoja, na ile bushi inapanda tu kama abiria. Ukikanyaga, shafti inatakiwa isimame huku krenki ikiendelea, na hapo ndipo bushi na rilizi beringi (inayosukumwa na pedali kuachia klachi) zinaanza kazi. Mlio unaokuja ukikanyaga uko huku mbele. Ungekuja ukiachia, ningeanza kuzishuku beringi za ndani.

Sasa unganisha na dalili nyingine. Shafti ikikaa kando ya kituo cha krenki, inabana kwenye bushi. Ukikanyaga klachi, bushi inaendelea kuiburuta, haisimami. Rivasi haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia), kwa hiyo ndiyo inayolia kwanza. Ya kwanza kwenye Series III ina sinkro, ndiyo maana yenyewe inakataa badala ya kusaga. Shahidi mkubwa ni gia ya nne. Kwenye hiyo gia shafti ya mbele inashika shafti kuu moja kwa moja, bila kupitia shafti ya chini. Hizo mbili zikiwa na pembe hata ndogo, kila mzunguko unaisukuma gia itoke, na ukiachia mafuta kwenye mteremko inapata nafasi. Kitovu nacho kilikuwa kinakunjwa huku na huku mara elfu mbili na zaidi kwa dakika. Hata kingekuwa kizima cha kiwandani kingechoka.

Kosa liko kwenye pleti. Karatasi na nyundo vinakupa mahali pa bolti, na bolti kazi yake ni kubana tu. Tundu la bolti siku zote lina nafasi ya kuchezacheza. Kinachoweka giaboksi katikati ni pini za doweli zinazoingia kwa kubana, na pini hizo zinatobolewa mwisho, baada ya kupima. Mlikuwa na doweli?

MrithiWa109
Hakuna hata moja. Bolti tu.

KipandeChaTurbo (Arusha)
Kitu kidogo hicho. Chukua elektrodi nzuri chomelea tena kitovu, weka grisi kwenye bushi, twende kazi. Yangu ilitembea mwaka mzima.

DadaMkerezaji
Mwaka mzima ukiwa unabeba nini? Kitovu cha klachi kinapokea nguvu yote ya injini, tena kwa mishtuko. Klachi pleti imefungwa kwa riveti na springi ili ile mishtuko ipungue. Ukichomelea unaua ugumu wa chuma na springi zinalegea kwa joto. Grisi nayo ikirushwa kwenye klachi pleti utateleza mpaka Rau.

MrithiWa109, hivi ndivyo ningefanya mimi. Toa giaboksi, tenganisha belhauzingi, uifunge tupu nyuma ya injini pamoja na pleti na pete yake. Azima dayo geji, ile saa ya kupimia, kwenye karakana yoyote yenye mashine ya kukereza. Ifunge kwenye flaiwili, ncha yake iguse ndani ya tundu la beringi ya shafti ya mbele, halafu zungusha krenki kwa mkono polepole mzunguko mzima. Tofauti kati ya juu kabisa na chini kabisa, igawe kwa mbili, ndiyo umbali uliokaa kando. Mimi nataka tofauti yote isizidi milimita 0.13. Kisha geuza ncha iguse uso wa belhauzingi, usome tena. Hapo unapima kama uso umelala. Pete iliyochomelewa bila kupitishwa kwenye mashine baadaye lazima ijikunje, moto haukosi kuvuta chuma.

Leta namba, tusibishane hewani.

FundiWaPembeni (Boma Ng'ombe)
Dada kamaliza. Mimi naongeza la kina tu. Ile pete ikiwa nene kupita kiasi, ncha ya shafti haifiki vizuri kwenye bushi. Ikiwa nyembamba, inagonga mwisho na kuisukuma krenki mbele, siku moja utasikia injini inalia ukadhani ni beringi kuu. Acha nafasi ya milimita mbili tatu. Weka kipande cha udongo wa mfinyanzi ndani ya tundu, funga, fungua, pima unene wake. Hata mtoto anaweza.

HesabuZaLami (Arusha)
Swali la Hilux limepitwa, na ndilo muhimu. Land Rover zote hizi difu yake (boksi la meno kwenye eksele) imekaa upande wa kulia, mbele na nyuma. Ukileta transifa ya gari nyingine, chungulia kwanza propela zake (shafti za kwenda kwenye difu) zinatokea upande gani, la sivyo utahamisha na eksele. Ukishafika huko, bora ulale.

Na hata kwa mwendo huhitaji. Uwiano wa difu ya Series ni 4.7, transifa kwenye gia kubwa ni kama 1.15, ukizidisha unapata 5.4. Tairi ya 7.50-16 mzunguko wake ni kama mita 2.45. Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne injini inazunguka kama mara 2,940 kwa dakika. 3L haina shida na hapo. Usidanganywe kuweka difu za 3.54 za Defender. Utashuka mpaka kama 2,200, kwenye lami ya Boma Ng'ombe utafurahi, Kibosho utashuka gia mpaka mkono uume. 3L haina turbo, na ukipanda juu hewa inazidi kuwa nyepesi.

MrithiWa109
Asanteni wote. Hilux naachana nayo. Dada, kuhusu klachi sasa: nitafute wapi klachi pleti yenye uso wa Toyota na meno ya Land Rover?

DadaMkerezaji
Usitafute. Geuza kibao: chukua presha pleti na klachi pleti za Land Rover nzima nzima, zile za inchi tisa na nusu, ufanye flaiwili ya Toyota izipokee. Pima kwanza kama uso wa flaiwili una nafasi ya duara hilo na bolti zake. Ukiwa nayo, unatoboa matundu mapya kwenye mashine, si kwa drili ya mkononi, halafu unaipeleka ikasawazishwe uzito. Hapo klachi siku ikiisha, unanunua ya Land Rover dukani kama watu wengine. Ukitengeneza kitu cha peke yako, siku ya kuharibika uko peke yako.

MamaWaSeries (Usa River)
Samahani naingilia. Breki zikoje tangu uweke dizeli?

MrithiWa109
Ngumu kama jiwe. Nilidhani silinda kuu. Imeunganaje na klachi?

MamaWaSeries
Haijaungana, ila inaua kabla ya klachi. Gari yako ina sevo (kisaidizi cha breki), na sevo inaishi kwa kunyonywa hewa kutoka kwenye injini. Petroli inanyonya yenyewe, dizeli haina huo mnyonyo. Toyota waliweka pampu yake nyuma ya alteneta. Alteneta ya 3L bado ipo?

MrithiWa109
Ilikuwa imekufa, fundi wa umeme akafunga ya gari nyingine. Ya zamani iko stoo.

MamaWaSeries
Ifufue uirudishe, pamoja na mpira wake mnene wa kwenda sevo. Na usipande hiyo gari na watoto kabla ya hapo, tafadhali.

BabuDizeli
Mama huyu alikuwa wapi miaka yote hii.

MrithiWa109 (siku kumi na mbili baadaye)
Wakuu nimerudi. Nilimpata kijana mwenye dayo geji Njoro. Kwenye tundu: tofauti milimita 1.1. Kwenye uso: 0.4. Maana yake tulikaa kando zaidi ya nusu milimita, na bado pete imeinama. Fundi wa Unga Limited nilimpigia nikamsomea namba. Akanyamaza, kisha akasema "lakini ilikuwa inaenda." Kweli ilikuwa inaenda.

Pete imepitishwa kwenye mashine pande zote mbili mpaka uso umelala. Matundu ya bolti yamepanuliwa kidogo, belhauzingi ikasukumwa kwa kugongwa na nyundo ya mpira mpaka saa ikasoma 0.10, ikabanwa, ndipo doweli mbili zikatobolewa na kuingizwa. Bushi mpya imekerezwa kwa kipimo cha shafti na cha krenki, ikaingia kwa presi. Udongo ulitoa milimita mbili na nusu. Flaiwili ilikuwa na nafasi, klachi sasa ni ya Land Rover tupu.

Giaboksi sikuifungua. Rivasi inaingia kimya. Nimeshuka kutoka Kibosho na gia ya nne, mguu nimetoa kabisa, haikuchomoka. Alteneta imerudi, breki zinashika mpaka mke wangu amenikemea. Kilichobaki ni kadi ya gari, bado inasoma namba ya injini ya petroli. Kesho naanza TRA nijue utaratibu, maana trafiki akifungua boneti sina la kusema, na bima nayo isije ikanikana.

DadaMkerezaji
0.10 ni safi kabisa. Baada ya kilomita mia tano kaza tena bolti za pleti, chuma kipya hujilaza.

KipandeChaTurbo
Hongera mkuu, nimejifunza. Sasa ile 2.25 ya petroli unaiuza? Hata bloku tu.

MrithiWa109
Nilimuuliza mama. Ameifunika turubai, kaiweka nyuma ya jiko, na kuku wanalalia juu yake. Haiuzwi.