Ndege ya kwanza tunampa nani, ndugu Wright au Santos-Dumont?

Kipanga: Wakuu, Wabrazil hawataki hata kusikia habari za ndugu Wright, wale Wamarekani wanaosemwa waliruka wa kwanza 1903. Kwao baba wa ndege ni Alberto Santos-Dumont, tarehe 23 Oktoba 1906 pale Bagatelle, Paris, kaiinua ndege yake 14-bis kwa magurudumu yake yenyewe kama mita 60 na umati unaona. Wright 1903 nani aliwaona? Mimi niko na Mbrazil.

FundiSpoku: Watu watano walikuwepo na picha ipo, acha hizo. Siku ile 17 Desemba waliruka mara nne, ya mwisho sekunde 59. Wale ni mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani, hela ya mfukoni mwao, huyo wako mtoto wa kishua tu anachezea hela ya kahawa ya baba yake.

BintiKibosho: Hela ya kahawa imefanyaje? Mimi kahawa ndo imenisomesha mpaka chuo. Huyo unayesema anachezea, 1901 alizunguka mnara wa Eiffel na puto lake la injini, akashinda faranga laki moja, akawagawia mafundi wake na maskini wa Paris wakakomboe vifaa vya kazi walivyoweka rehani. We ungegawa?

FundiSpoku: Dada sijaitukana kahawa ya Kibosho. Kihamba cha wazee wako, kishamba cha ukoo, na shamba la kina Santos-Dumont ni vitu viwili tofauti, la kwao lilikuwa na reli yake humo ndani, Alberto anaendesha treni angali mtoto. Na Brazil imefuta utumwa 1888, yeye ana miaka 14. Sasa jiulize ile mibuni alipalilia nani.

BintiKibosho: Tulikuwa kwenye ndege umetupeleka kwenye utumwa. Mtoto hachagui shamba la baba yake! Hao mafundi wako nao walikata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, wakawaburuza wenzao mahakamani miaka na miaka, Santos-Dumont michoro ya ndege yake ndogo Demoiselle aliitoa bure, anayeweza ajenge.

Kipanga: Jamani mada. Si nasikia Wright walikuwa wanarushwa na mtambo wa uzito unaodondoka, kama manati?

Tanga_Kuu: Mtambo huo ni wa Septemba 1904, kule Dayton. 1903 ni reli ya mbao na upepo wa mbele basi. Na 1905 walishakaa angani dakika 39, kama kilomita 39, Mbrazil hajaruka hata mita moja na ndege.

FundiSpoku: Asante. Na mimi baba yangu alikuwa fundi baiskeli, katulea watoto sita kwa spoku na viraka, ndo maana nikisikia "nani aliwaona" napandwa na hasira. Injini ya ndege ile ya 1903 aliiunda Charlie Taylor, fundi wao, kwa wiki sita kwenye karakana ya baiskeli, na humu hakuna hata mmoja aliyemtaja.

BintiKibosho: Kwa Taylor nipo na wewe kabisa, apewe haki yake. Kwenye kahawa bado hujaniomba radhi.